Daftari la watoro: tathmini ya huduma ya GovTrack kutoka Kirumba

Kwa miaka saba sasa nimekuwa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa kinachokutana Kirumba, jijini Mwanza, hatua chache kutoka soko la samaki la Mwaloni, na kazi inayonichosha katika nafasi hiyo si kuhesabu hisa wala kudai marejesho, bali kuandika udhuru. Kaunta buku yetu ina safu nne kwa kila mkutano: jina, yupo au hayupo, sababu, faini. Asiyetoa sababu hulipa shilingi 2,000, na mwenye sababu inayokubalika halipi kitu, utaratibu ambao umewafanya wanakikundi wetu kuwa watunzi hodari. Mpaka katikati ya mwaka 2025 sababu iliyoongoza, hasa kwa wenzetu wanaotoka upande wa Sengerema, ilikuwa foleni ya pantoni pale Kigongo, na hakuna aliyethubutu kuipinga kwa kuwa kila mmoja wetu amewahi kukaa pale akikodolea macho maji. Juni 19 mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, na tangu siku hiyo safu ya sababu katika daftari langu imekuwa na msiba.

Nilipolalamika nyumbani kwamba utoro hauhesabiki, mwanangu alinijibu akiwa ameinamia simu yake. “Mama, wapo watu wanaohesabu utoro wa wabunge wa Marekani mpaka kwenye nukta.” Nikamuuliza wanawatoza shilingi ngapi. “Hawatozi, mama. Wanaanika tu.” Kwa mtu anayeishi kwa kuanika dagaa, neno hilo lilinitosha kuomba nionyeshwe, na kwa miezi kadhaa sasa nimeitumia huduma hiyo kiasi cha kuweza kuitolea maoni.

GovTrack ni tovuti inayofuatilia miswada na kura za Bunge la Marekani, ambalo lina mabaraza mawili, yaani Baraza la Wawakilishi na Seneti. Si mali ya serikali. Ilianzishwa mwaka 2004 na Joshua Tauberer, na mtumiaji hadaiwi ada yoyote. Lugha yake ni Kiingereza pekee. Kila mbunge ana ukurasa wake, na katika ukurasa huo kuna grafu ya kura alizokosa pamoja na jedwali lenye safu tano: kipindi, ambacho hukatwa kwa robo za mwaka, kura alizostahili kupiga, kura alizokosa, asilimia, na mwisho nafasi yake akilinganishwa na wenzake wa kipindi hichohicho. Hesabu zinarudi nyuma mpaka Bunge la kwanza la mwaka 1789, kwa hiyo unaweza kumkagua mtu aliyefariki kabla hata bandari ya Mwanza haijawa bandari.

Safu ninayoihusudu kuliko zote ni ile ya pili, ya kura alizostahili kupiga. Inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoleta haki. Mbunge aliyeapishwa katikati ya mwaka baada ya uchaguzi mdogo hahesabiwi kura zilizopigwa kabla hajaingia, na asilimia yake hutokana na zile tu zilizomkuta akiwa na kiti. Mimi kwa miaka yote nilikuwa nikihesabu utoro kwa mikutano yote ya mwaka, na kwa hesabu hiyo mwanakikundi aliyejiunga mwezi wa Agosti alikuwa mtoro wa kutisha kabla hajakaa hata kwenye benchi. Safu ya mwisho nayo ina faida yake, kwa sababu asilimia peke yake haimwambii msomaji kama ni nyingi au ni chache. Mbunge wa kawaida huko hukosa kura kama 2 hivi katika kila 100, na ukishalijua hilo, mtu mwenye asilimia 15 anaonekana mara moja, kama sato katika beseni la dagaa.

Hesabu hii inawezekana kwa sababu ya jinsi wenzetu wanavyopiga kura. Katiba ya Marekani inaelekeza kwamba moja ya tano ya wabunge waliohudhuria wakitaka, kura za ndiyo na hapana ziandikwe kwa majina katika kumbukumbu. Tangu Januari 1973 Baraza la Wawakilishi limekuwa likipiga kura hizo kwa mashine: mbunge huchomeka kadi, hubonyeza kitufe, na kwa kawaida hupewa muda usiopungua dakika 15 kufanya hivyo. Mwishoni kila jina huwa na alama moja kati ya nne, yaani ndiyo, hapana, nipo bila upande, au hakupiga. GovTrack haikuzua chochote. Imeokota alama hiyo ya nne na kuipanga vizuri.

Hapo ndipo sifa zangu zinapoanza kupungua, kwa sababu alama ya nne ina mdomo mmoja na hadithi nyingi. Mwaka 2015 Marco Rubio, aliyekuwa seneta wa Florida, alikosa takriban theluthi moja ya kura za Seneti kwa kuwa alikuwa akizunguka nchi nzima kutafuta urais, na gazeti la jimboni kwake, Sun Sentinel, likamtaka ajiuzulu. Kay Granger wa Texas hakupiga kura yoyote baada ya Julai 2024, na umma haukujua kwa nini mpaka Desemba, ilipobainika kwamba alikuwa akiishi katika makazi ya wazee na afya yake imedhoofika. Katika grafu watu hawa wawili ni nguzo mbili zilizopanda juu, na mtu anayezitazama kwa haraka akiwa kwenye daladala ya kwenda Buhongwa hawezi kujua ni ipi ya tamaa na ipi ya ugonjwa. Aidha, Spika wa Baraza la Wawakilishi kwa desturi huwa hapigi kura isipokuwa kwa nadra, kwa hiyo asiyeijua desturi hiyo akifungua ukurasa wa Spika anaweza kuisoma vibaya hesabu yake.

Upande wa pili wa jedwali nao una mafunzo yake. Chuck Grassley, seneta wa Iowa, alikaa miaka 27 bila kukosa kura hata moja ya kuandikwa majina, kura 8,927 mfululizo, mpaka Novemba 2020 alipolazimika kujitenga kwa sababu ya corona. Mara ya mwisho kabla ya hapo alikuwa amekosa mwaka 1993, alipokwenda na Rais Clinton kukagua mafuriko jimboni kwake. Mafuriko na maradhi: sababu mbili katika miaka 27, na zote mbili ningeziandika katika kaunta buku yangu bila kuuliza swali la pili, hasa nikikumbuka mwaka 2020 ziwa lilipojaa kupita kiasi na nusu ya kikundi chetu wakaandika “maji” kwa mikutano miwili mfululizo. Anayemzidi Grassley ni William Natcher wa Kentucky, aliyepiga kura 18,401 bila kukosa tangu Januari 1954 mpaka Machi 1994. Siku zake za mwisho aliletwa ukumbini kutoka hospitali akiwa amelala juu ya kitanda cha magurudumu, na mwezi huohuo akafariki. Nilipowasimulia wanakikundi habari hiyo, mama mmoja anayeuza dagaa wa kukaanga aliniambia kwa upole, “Katibu wangu, mimi nikifikia hapo, niandikie faini tu.”

Anayetaka sababu hana budi kutoka nje ya jedwali. Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi wana utaratibu wa kuwasilisha maelezo binafsi, ambayo huchapishwa katika kumbukumbu rasmi za Bunge lao. Mbunge hutaja namba ya kura aliyoikosa, hueleza kwa nini hakuwapo, kisha huongeza kwamba lau angekuwepo angepiga ndiyo au hapana. Niliposikia jambo hilo nilifurahi kama mtu aliyepata nakala ya ufunguo, lakini furaha ilipoa niliposoma yenyewe. Maelezo mengi yana sentensi moja inayojirudia, kwamba mbunge alizuiliwa na jambo lisiloepukika. Jambo gani, hasemi. Hakuna anayemlazimisha kuandika, hakuna anayehakiki, na akiandika, kura yake haihesabiwi hata hivyo. Kwetu Kirumba mtu akisema “nilibanwa”, mwenyekiti huuliza, “Ulibanwa na nini, na nani alikuwepo?”

Wakati wa corona sababu zilikauka kabisa. Kuanzia Mei 2020 mpaka mwanzoni mwa Januari 2023 Baraza la Wawakilishi liliruhusu mbunge kumpa mwenzake kibali cha kumpigia kura, ilimradi aandike barua kusema kwamba hawezi kuhudhuria ana kwa ana kutokana na dharura ya afya ya umma. Barua zote zilikuwa na maneno hayohayo. Februari 2021 baadhi ya wabunge walioziandika walionekana Florida wakiwa kwenye mkusanyiko mkubwa wa kisiasa, wakiwa wazima wa afya. Barua zao hazikuhitaji kubadilishwa hata nukta. Ipo pia sheria ya tangu mwaka 1856 inayoagiza mbunge akatwe mshahara wa siku asizohudhuria, isipokuwa akiwa mgonjwa au ndugu wa familia yake akiwa mgonjwa. Mshahara wenyewe ni dola 174,000 kwa mwaka, na sheria hiyo ni kama haipo, kwa maana karibu haitumiki. Sisi kwa shilingi 2,000 tumewahi kushikana mashati.

Kwa huduma ya kuhesabu, basi, GovTrack naipa nyota 5. Kwa kumsaidia mtu kujua alichokihesabu, naipa 3, na lawama nyingi hapo ni za wabunge wenyewe kuliko za tovuti.

Haikuwezekana niishie Marekani, kwa kuwa mbunge anayenihusu hukaa Dodoma. Nikajaribu kutengeneza jedwali kama lile kwa wabunge wetu, nikitumia Taarifa Rasmi za majadiliano ya Bunge, ile inayoitwa Hansard, ambayo hupatikana bure katika tovuti ya Bunge. Nilishindwa siku ya kwanza. Bunge letu hupitisha mambo mengi kwa sauti: Spika huwahoji wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, kisha hutangaza kwamba anadhani walioafiki wameshinda, na karatasi hubaki na mstari mmoja ndani ya mabano, “Hoja iliamuliwa na kuafikiwa.” Sauti haina jina. Mtu aliyekuwa amelala hotelini na mtu aliyepiga ndiyo ya kutikisa kuta wanafanana kabisa katika mstari huo, na kwa hiyo mbunge wa Tanzania anaweza kukosa vikao, lakini kwa sehemu kubwa hawezi kuthibitishwa kwamba amekosa kura.

Kura ambayo ina majina kila mwaka ni ya bajeti kuu. Inapofika Juni, makatibu huita jina la mbunge mmoja mmoja, naye hujibu waziwazi, na mwishoni hutangazwa idadi ya waliosema ndiyo, waliosema hapana na wasiokuwepo. Mbunge yeyote anayejua kalenda hawezi kukosa siku hiyo kwa bahati mbaya. Ni kama mwanakikundi anayetoweka mwaka mzima na kuonekana siku ya kugawana.

Hata hivyo, katika Taarifa Rasmi nimegundua herufi tatu zenye thamani kubwa kwa katibu yeyote. Kipindi cha maswali kinapofika, swali la mbunge asiyekuwepo huulizwa na mwenzake, na jina lake huwekwa kwenye mabano likitanguliwa na “K.n.y.”, yaani kwa niaba ya. Ukisoma vikao kumi ukiwa na kalamu nyekundu, unaanza kuona majina yanayopenda kukaa ndani ya mabano. Si ushahidi wa utoro, kwa sababu mwenye swali anaweza kuwa hospitalini, kwenye ziara ya kamati, msibani, au njiani akirejea jimboni, na K.n.y. haisemi ni lipi kati ya hayo. Lakini ni alama, na katika kutafuta alama nimejifunza kuisoma Taarifa Rasmi kuliko nilivyotarajia. Zamani ilikuwa rahisi zaidi, kwani viti vitupu vilionekana kwenye runinga. Mwanzoni mwa mwaka 2016 serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja.

Jambo jingine ambalo ulinganisho huu ulinifungulia macho ni kwamba sisi tunaozunguka ziwa hili tuna sheria kali zaidi kuliko Marekani, na kila nchi ina kipimo chake. Katiba ya Tanzania, ibara ya 71, inamvua kiti mbunge anayekosa vikao vya mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika. Ukivuka kwenda Kisumu, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inahesabu vikao vinane bila ruhusa ya maandishi. Ukienda Entebbe, Katiba ya Uganda inahesabu vikao kumi na tano. Maji ni yaleyale, hesabu ni tatu. Mkutano mmoja wa Bunge letu una vikao vingi, na ule wa bajeti huanza Aprili na kuishia Juni, kwa hiyo kwetu mtu anaweza kutoweka kwa muda mrefu sana kabla kiti hakijayumba.

Lakini kikiyumba, kinachotazamwa si sababu, ni ruhusa. Machi 2019 hayati Job Ndugai, Spika wa wakati ule, alitangaza kwamba Joshua Nassari wa Arumeru Mashariki amepoteza ubunge kwa kukosa mikutano mitatu. Nassari alieleza kwamba alikuwa nje ya nchi akimuuguza mkewe na kwamba taarifa ilitumwa kwa barua pepe. Juni mwaka huohuo tangazo kama hilo lilimhusu Tundu Lissu wa Singida Mashariki, aliyepigwa risasi Dodoma Septemba 7, 2017 na aliyekuwa Ubelgiji kwa matibabu. Spika alitaja kutotaarifiwa mahali alipo na kutojazwa kwa tamko la mali. Sidhani yupo Mtanzania aliyekuwa hajui kwa nini Lissu hayupo bungeni. Sababu ilikuwa imejaa magazetini tangu siku ya kwanza, na bado, kwa mujibu wa tangazo lile, safu ya ruhusa ilikuwa tupu. Nilipofika hapo niliacha kuisema vibaya GovTrack kwa muda, nikaanza kulitazama daftari langu, kwa sababu nalo halina safu ya ruhusa. Huwa naandika sababu niliyoambiwa, lakini siandiki nani aliikubali.

Ipo pia aina ya kutokuwepo ambayo si utoro hata kidogo, na hakuna jedwali nililoliona, la huku wala la kule, linaloitenga. Mwaka 2016 wabunge wa upinzani walikuwa wakitoka ukumbini kila Naibu Spika alipoketi kitini, na siku moja walitoka wakiwa wamebandika karatasi midomoni. Mei 2020 wabunge wa Chadema walikaa nje ya Bunge wakisema wanajitenga kwa sababu ya corona, na Spika akawataka warudi au warejeshe posho. Kususia ni kura ya aina yake, na mtu aliyetoka makusudi ili aonekane ametoka hafai kuwekwa nguzo moja na aliyepitiwa na usingizi. Katika Bunge Maalum la Katiba la mwaka 2014 tuliona kinyume chake: kundi la Ukawa, yaani umoja wa vyama vya upinzani, lilisusia tangu Aprili, na ilipofika siku ya kura, kanuni zikawa zimerekebishwa ili wajumbe waliokuwa Hija na waliokuwa kwenye matibabu nje ya nchi waweze kupiga kura wakiwa hukohuko. Palipokuwa na haja ya theluthi mbili kutoka kila upande wa Muungano, umbali uliacha kuwa udhuru.

Kwa mtu anayetaka kuijaribu GovTrack, ushauri wangu ni aanze na mbunge mmoja asiyemjua, asome jedwali kabla ya grafu, kisha atafute habari za magazeti za robo ile ambayo nguzo imepanda. Mwalimu wa uraia ataipata humo kazi ya wiki nzima ya darasa. Ukichapisha, chapisha kwa karatasi iliyolala. Steshenari moja ya hapa mjini ilinichapishia kwa karatasi iliyosimama, safu mbili za mwisho zikakatwa, na nikalipia kurasa kumi na mbili za watu wasio na asilimia.

Kaunta buku yetu mpya ina safu sita. Nimeongeza “mikutano iliyomkuta” na “aliyeruhusu”. Mikutano yenyewe tumeisogeza hadi Jumapili ya mbalamwezi, maana wenzetu wavuvi wa dagaa huingia ziwani wakati wa giza, na sababu ya “giza” ilikuwa imejaza kurasa mbili. Jumapili ya kwanza tuliyoitumia walikosekana watu watatu, wote wakiwa na udhuru ulioletwa mapema kwa ujumbe wa simu, nami nikajaza kila kitu isipokuwa safu ya mwisho. Anayeruhusu ni mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa mmoja wa hao watatu.